Bill Evans na Somo la Kidogo Kilicho Sahihi

Mafundi hodari wa kupiga vyombo vya muziki ni wengi duniani, lakini walio hodari wa kupiga na tena hodari wa kueleza ni wachache. Mara nyingi fundi hushindwa kusema afanyavyo. Mikono yake yajua, ulimi wake haujui. Mwulize mshona nguo wa miaka mingi ajuaje mahali pa kupitisha mkasi, naye atacheka tu, kisha atakukatia kitambaa mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo sababu filamu moja ya televisheni iliyotengenezwa Marekani mwaka 1966 haijasahauliwa na walimu na wanafunzi wa muziki hadi leo. Ndani yake mpiga piano Bill Evans, mmoja wa mabingwa wa muziki wa jazz wa karne ya 20, aliketi mbele ya chombo chake, akapiga, akaisimamisha mikono, akaeleza, kisha akapiga tena ili maelezo yapate ushahidi.

Filamu hiyo iliitwa The Universal Mind of Bill Evans. Haina rangi, wala haina mapambo ya jukwaa. Waliomo ni watu watatu tu. Wa kwanza ni Steve Allen, mtangazaji mashuhuri wa televisheni ya Marekani ambaye mwenyewe alijua piano, na yeye ndiye aliyefungua mazungumzo. Wa pili ni Bill Evans, mtu mwembamba mwenye miwani, nywele zimechanwa nyuma, sauti ya upole. Wa tatu ni Harry Evans, ndugu yake wa tumbo moja, mkubwa wake kwa miaka miwili, mwalimu wa muziki katika mji wa Baton Rouge, jimbo la Louisiana. Harry ndiye aliyeuliza yale ambayo kila mwalimu na kila mzazi angependa kuuliza: mtu huanzia wapi, na kwa nini wengi huanza wasifike?

JAZZ NI NINI?

Katika nchi za Afrika ya Mashariki na Kongo neno jazz limezoeleka kwa muda mrefu, maana bendi nyingi za dansi zimejiita kwa jina hilo. Wapenzi wa muziki huikumbuka O.K. Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956 katika mji ambao leo huitwa Kinshasa, na hali kadhalika Morogoro Jazz ya Tanzania. Hata hivyo, bendi hizo zilipiga muziki wa dansi wa kwao wenyewe. Jazz ya asili ilizaliwa miongoni mwa watu weusi wa Marekani, hasa katika mji wa New Orleans, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Santuri ya kwanza ya muziki huo ilitolewa mwaka 1917, na tangu hapo ukaenea duniani kote.

Jambo kuu linaloutambulisha muziki huo ni kutunga papo kwa papo. Wapigaji huanza kwa wimbo unaojulikana, wakaupiga kama ulivyo. Kisha mmoja huachiwa nafasi, naye hutunga lahani mpya juu ya msingi ule ule, wakati wenzake wanaendelea kuushikilia. Wanaoyajua malumbano ya washairi wa Kiswahili hawatapata taabu kulielewa jambo hili. Malenga anayejibu shairi hadharani hana ruhusa ya kuvunja vina wala mizani aliyowekewa na mwenzake, lakini maneno ni yake, na huyatoa saa ile ile mbele ya watu. Mpigaji wa jazz hufanya vivyo hivyo kwa vidole.

Bill Evans aliieleza tofauti hiyo kwa mfano wa wakati. Mtungaji anayeandika muziki kwenye karatasi anaweza kutumia miezi kadhaa kwa ajili ya muziki wa dakika moja, maana hufuta na kuandika upya. Mpigaji wa jazz hutunga muziki wa dakika moja kwa dakika moja, na akikosea hana kifutio. Kwa sababu hiyo Evans alisema kwamba jazz ni njia ya kuufanya muziki zaidi kuliko kuwa aina fulani ya muziki. Akakumbusha pia kwamba njia hiyo si ngeni. Katika Ulaya ya zamani mabingwa walikuwa na sifa ya kutunga papo kwa papo. Bach, Mozart na Beethoven wote walijulikana kwa hodari huo. Lakini kwa kuwa hapakuwapo mashine ya kunasa sauti, kilichobaki ni kile kilichoandikwa tu, na polepole karatasi ikaichukua nafasi ya kipaji cha papo hapo. Santuri ilipopatikana, muziki usioandikwa nao ukapata pa kuhifadhiwa.

MTOTO ALIYEDHANIWA MDOGO MNO

Bill Evans alizaliwa tarehe 16 Agosti 1929 katika mji wa Plainfield, jimbo la New Jersey. Baba yake aliendesha uwanja wa mchezo wa gofu. Nyumbani mlikuwa na piano, naye mwalimu alikuja kumfundisha Harry; Bill alidhaniwa kuwa mdogo mno kwa masomo. Akawa akisikiliza tu. Mwalimu akiondoka, mdogo huketi penye kiti na kuyapiga yale ambayo kaka yake alifundishwa. Wazazi walipoona hivyo, naye wakamtafutia mafunzo.

Alipokuwa angali mwanafunzi alianza kupiga katika bendi ya dansi ya vijana, ambapo kila mmoja alisoma yaliyoandikwa. Usiku mmoja alithubutu kuingiza vinoti vichache ambavyo havikuwamo katika karatasi. Lilikuwa jambo dogo, lakini lilimfungulia mlango: alitambua kwamba mpigaji naye anaweza kusema lake. Baadaye alisoma muziki katika chuo cha Southeastern Louisiana, akiwa amepata nafasi hiyo kwa ajili ya uhodari wake wa kupiga filimbi, akahitimu mwaka 1950.

MIAKA MITATU YA SARE

Tangu mwaka 1951 hata 1954 Bill Evans alikuwa askari wa Jeshi la Marekani. Aliwekwa katika bendi ya jeshi kwenye kambi ya Fort Sheridan, kaskazini ya mji wa Chicago, na kazi yake kubwa ilikuwa filimbi. Waliowahi kutumikia bendi ya jeshi au ya polisi wanaijua kazi hiyo: gwaride la asubuhi, sherehe za kitaifa, mazishi ya heshima, na mazoezi yasiyokwisha. Usiku, alipopata ruhusa, alikwenda kupiga piano katika klabu za Chicago.

Kwa kijana huyo miaka hiyo ilikuwa migumu, na ugumu wenyewe haukutoka kwenye gwaride. Kabla ya kuingia jeshini alikuwa na furaha na imani katika uwezo wake. Huko akakutana na watu walioyakosoa mawazo yake juu ya muziki, naye akaanza kudhani kwamba pana jambo kubwa ambalo wenzake wote wanalijua isipokuwa yeye. Shaka ya namna hiyo haimpati mwanamuziki peke yake. Kuruta anayewaona wenzake wakilenga shabaha, mke mgeni anayewaona majirani wakipika kwa wepesi, mtoto aliyehamishwa shule katikati ya mwaka, wote huijua.

Alichokifanya baada ya kuvua sare chastahili kuangaliwa. Hakukimbilia mjini kwenda kushindana na watu. Alirudi nyumbani kwa wazazi wake, akafanya mazoezi kwa muda mrefu, akijenga upya kutoka chini. Mwaka 1955 ndipo alipokwenda New York, akaishi katika nyumba ndogo na kuendelea na masomo ya utungaji. Mwaka 1956 alirekodi santuri yake ya kwanza, na ndani yake umo wimbo mfupi alioupiga peke yake uitwao Waltz for Debby. Debby alikuwa binti mdogo wa Harry. Wimbo huo wa ami kwa mtoto wa kaka yake umekuja kupigwa na wanamuziki wa nchi nyingi.

SIFA NA MSIBA

Mwaka 1958 mpiga tarumbeta Miles Davis, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wakubwa wa jazz, alimchukua Evans katika kundi lake la watu sita. Evans alikuwa mzungu peke yake katika kundi la watu weusi, na baadhi ya wasikilizaji hawakupendezwa. Davis hakujali, alitaka sauti ya piano ile. Ijapokuwa Evans alikaa na kundi hilo miezi michache tu, aliitwa tena mwaka 1959 kurekodi Kind of Blue, santuri ambayo imeuzwa kwa wingi kupita karibu santuri zote za jazz. Wapigaji waliingia studio wakiwa na michoro michache tu ya yale watakayoyapiga. Maelezo ya nyuma ya jalada yaliandikwa na Evans mwenyewe, akiufananisha ufundi huo na wachoraji wa Kijapani ambao huchora kwa wino juu ya karatasi nyembamba kiasi kwamba mkono ukisita karatasi huharibika.

Kisha akaunda kundi lake la watu watatu, pamoja na Scott LaFaro wa besi na Paul Motian wa ngoma. Hapo zamani piano ndiyo iliyosema na wengine wakafuata nyuma. Evans alitaka wote watatu wazungumze, kila mmoja akimsikiliza mwenzake. Siku ya Jumapili, tarehe 25 Juni 1961, walirekodiwa katika klabu ya Village Vanguard mjini New York, na santuri zilizotoka humo huhesabiwa miongoni mwa zilizo bora kabisa za jazz. Siku 11 baadaye LaFaro alifariki katika ajali ya gari, umri wake miaka 25. Evans alipatwa na majonzi makubwa, akakaa miezi kadhaa bila ya kupiga mbele ya watu.

Watazamaji wa televisheni ya Uingereza walimwona mwaka 1965 katika kipindi cha BBC kilichoitwa Jazz 625. Pale aliongea kwa vidole tu: kichwa amekiinamisha karibu kuzigusa funguo za piano, macho hayatazami mtu. Aliyemwona hivyo angeweza kudhani kwamba mtu huyo hana neno. Mwaka uliofuata ndugu yake akamfungua kinywa.

YALE ALIYOYASEMA

Harry alileta shida anayoijua kila mwalimu. Mwanafunzi husikia santuri ya bingwa, akaipenda, akataka apige vile vile mwezi huu huu. Matokeo yake ni nini? Bill alijibu kwa kugeukia piano. Kwanza aliuchukua wimbo unaojulikana akaupiga jinsi mwanafunzi wa namna hiyo aupigavyo: vidole vinakimbia huku na huku, sauti nyingi, kishindo kingi, na kwa mbali mtu angesema huyu ni fundi. Lakini msingi wa wimbo umepotea. Mpigaji anakisia. Hajui hasa anachokifanya, na kwa kuwa hajui, hawezi kukitengeneza.

Kisha akaupiga tena kwa namna nyingine, sauti chache mno, hata mtoto angeweza kuzifuata. Lakini kila sauti ilikuwa mahali pake, na aliyepiga alijua kwa nini iko pale. Hapo ndipo alipotoa somo ambalo limeifanya filamu hiyo ikumbukwe: bora kufanya jambo dogo lililo la kweli na sahihi, kuliko kulikisia jambo kubwa. Dogo lililo sahihi hujengewa juu yake. Kubwa la kukisia halijengewi kitu, hata mtu akilirudia miaka ishirini. Atakachokipata ni kuyazoea makosa yake.

Akaeleza pia sababu ya watu kuanguka katika mtego huo. Kazi ikiwa kubwa humtisha mtu. Badala ya kuigawa, huitazama yote kwa pamoja, akaona aibu kuanza na kipande kidogo kinachofanana na cha mtoto. Hivyo huruka. Dawa yake, alisema, ni kulichukua tatizo moja peke yake, kulishughulikia kwa akili yote mpaka mikono ilizoee na kulifanya bila ya kufikiri. Likiisha kuzama hivyo, akili huwa huru kulichukua la pili, kisha la tatu. Hakuna njia ya mkato, lakini pia hakuna muujiza.

Maneno hayo hayana ugeni wowote kwa askari. Hakuna kuruta aliyepata kufundishwa gwaride zima siku ya kwanza. Huanza kwa kusimama mguu sawa, tena siku nzima, mpaka mgongo unyooke bila ya kuambiwa. Kisha kugeuka kulia, kugeuka kushoto, kisha hatua. Bunduki naye huifungua kipande kwa kipande na kuipanga juu ya kitambaa, ili baadaye aweze kuifunga hata gizani. Kikosi kinachopita mbele ya mgeni wa heshima kama mtu mmoja kimejengwa na vitu vidogo ambavyo kila mtu alivifanya sawasawa. Kuruta aliyejifunza kwa kuwatazama wa mbele yake na kukisia huonekana siku hiyo hiyo, wala haihitaji jicho la jemadari.

UHURU NA SHERIA

Jambo jingine lililozungumzwa ni uhuru. Katika miaka hiyo ya 1960 palikuwa na wanamuziki waliotaka kuvitupa vipimo vyote vya zamani, mtu apige apendavyo. Evans hakuwatukana, lakini alisema kwamba kwa upande wake hawezi kuuona uhuru pasipo kitu kilicho imara cha kuupima. Umbo la wimbo, na idadi ya mapigo yake, ni sawa na kuta za nyumba. Aliye ndani aweza kupanga viti vyake atakavyo, lakini akibomoa kuta amebaki nje kwenye mvua. Mpigaji anayeujua msingi kikamilifu ndiye awezaye kuucheza, kuchelewa kidogo, kutangulia kidogo, kuficha na kufichua, kwa sababu wakati wote anajua alipo.

Harry aliuliza juu ya kazi ya mwalimu. Bill alisema mwalimu afundishe misingi, asimfundishe mwanafunzi mtindo wake mwenyewe. Msingi ni mali ya wote. Mtindo ni mali ya mtu. Mwanafunzi akipewa mtindo wa mwalimu hubaki kivuli cha mwalimu. Hatimaye, alisema, anayetaka kweli kuwa mpigaji wa jazz hujifundisha mwenyewe.

Aidha hakukubali kwamba mtu asiye fundi hana haki ya kuuhukumu muziki. Aliamini kwamba binadamu wote wana akili moja ya muziki ndani yao, na jina la filamu limetoka hapo. Msikilizaji mwenye moyo safi, asemaye tu kwamba wimbo huu umemgusa na ule haukumgusa, mara nyingine huona vyema kuliko fundi, kwa kuwa fundi hushughulika na ufundi wake hata akasahau kusikiliza. Basi bibi anayetikisa kichwa jikoni redio ikilia asidharauliwe; naye ni hakimu.

AMBAYO KAMERA HAIKUYAONYESHA

Ingekuwa vizuri kama hadithi ingeishia hapo, lakini ukweli haukuwa hivyo. Mtu yule aliyeeleza kwa utulivu jinsi ya kulishinda tatizo moja baada ya jingine alikuwa na moja ambalo halikumtoka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mtumwa wa heroini. Dawa hiyo ilimla fedha, ikamla afya, ikawatesa waliompenda. Katika miaka ya 1970 alipata matibabu akaiacha kwa muda mrefu, na mwaka 1975 alipata mtoto wa kiume; rafiki zake walidhani amepona. Baadaye akaingia katika kokeini.

Mwaka 1979 ulikuja msiba mwingine. Harry, mwalimu yule mwenye maswali mazuri, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili, alijiua. Bill hakupata kuwa kama zamani. Mwezi wa Agosti mwaka huo alirekodi santuri iliyopewa jina la We Will Meet Again, yaani Tutaonana Tena, kwa kumkumbuka kaka yake. Mwili wake ulikuwa umechoka, ini limeharibika, naye hakutaka matibabu. Alifariki New York tarehe 15 Septemba 1980, umri wake miaka 51. Santuri ile ikapata tuzo ya Grammy mwaka 1981, mwenyewe hayupo. Alizikwa Baton Rouge, kando ya Harry.

Wapo watakaouliza: je, mafunzo ya mtu aliyeshindwa kujiongoza yana thamani? Yana thamani, kama vile ramani iliyochorwa na mtu aliyezama ilivyo na thamani ikiwa mistari yake ni sahihi. Lakini pana jambo la kuongeza, ambalo yeye hakulisema. Kazi ya vidole mtu aweza kuishinda peke yake ndani ya chumba, kwa subira. Ulevi wa dawa na huzuni ya kupindukia havishindwi hivyo. Hivyo huhitaji daktari, huhitaji jamaa wanaouliza bila ya kuchoka, na huhitaji mtu mwenyewe kukubali kwamba ameelemewa. Katika nyumba za askari, ambamo baba hufundishwa kutolalamika na mama hufundishwa kuvumilia, jambo hili ni vyema likumbukwe. Mtu aliyenyamaza sana baada ya kurudi kutoka safari ya kazi, au asiyelala, au aliyeanza kunywa peke yake, asiachwe ajitafutie njia kwa sababu tu kazini anasifiwa. Bill Evans naye alisifiwa kazini hadi wiki ya mwisho.

KWA WENYE NYUMBA

Mzazi ambaye mtoto wake anajifunza gita, filimbi au tarumbeta anaweza kuyatumia maneno ya Evans bila ya kuijua noti hata moja. Amwombe mtoto achague wimbo mfupi. Amwambie aupige polepole, mstari mmoja tu, mpaka aupige mara tatu mfululizo bila ya kosa. Mstari wa pili usiguswe kabla ya hapo. Mtoto akilalamika kwamba wenzake wanapiga nyimbo ndefu za redio, aulizwe swali moja: je, wanazipiga, au wanazikisia? Kwa kawaida atajua jibu.

Njia hiyo hiyo ni ya msichana anayejifunza cherehani. Apewe kitambaa kibovu, ashone mstari ulionyooka, urefu wa mkono mmoja, mara kumi, kabla ya kuahidiwa gauni. Ni ya kijana anayejifunza chapati, ambaye hana budi kuujua unga ulaini wake mkononi kabla ya kuhangaika na umbo la duara. Ni ya koplo anayejiandaa kwa mtihani wa cheo usiku baada ya zamu, ambaye kitabu kizima humtisha, lakini ukurasa mmoja ulioeleweka haumtishi. Na ni ya mtu mzima anayejifunza kusoma na kuandika, anayeona haya kuanza na silabi ambazo mjukuu wake anazijua. Asione haya. Jina lake mwenyewe, likiandikwa sawasawa, ni msingi, barua itafuata.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Evans aliliongezea usemi huo sharti moja: haba yenyewe iwe nafaka, isiwe makapi. Kwa hiyo mwalimu wa bendi, mzazi au mkuu wa zamu anayemsikia mwanafunzi wake akipiga sauti tatu tu, lakini tatu zilizo safi, asimcheke wala asimharakishe. Amwache azirudie, kisha kesho ampe ya nne.